Dobi Mapumzikoni

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika! Chumba namba kumi na nne, ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama bwawa la maji moto. Mvuke unapanda utadhani mtu kasahau chungu jikoni. Mke wangu alisimama dirishani na mkoba bado begani. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema la, anawatazama tu watu wasiofanya kazi. Hajapata kuwaona wengi namna hii mahali pamoja.

Ni zawadi ya binti yetu. Siku saba kwenye hoteli ya chemchemi, kwa ajili ya miaka ishirini na tano ya ndoa yetu, na kwa ajili ya magoti ya mama yake, yaliyosimama mbele ya karai na meza ya pasi miaka yote hiyo. Binti alitutajia hoteli tatu tuchague. Nikaidaka hii kabla hajamaliza kuzitaja. Mke wangu akafurahi, akasema kumbe mzee bado ana mapenzi. Mapenzi ninayo! Ila nina sababu nyingine pia.

Naiandika hapa tu. Dereva wa lori la mboga aliniambia hoteli hii inatafuta dobi. Vyumba sitini! Kila mgeni taulo mbili kwa siku, mbali mashuka! Na sisi, tangu shule ya bweni ianze kujifulia yenyewe, mashine yetu kubwa imekaa bure inakusanya vumbi. Mashine hiyo naiita Bi Mkubwa, maana nilikuwa nayo kabla sijaoa. Mke wangu husema hana neno kuwa mke mdogo, ila mwenzake siku hizi amekuwa mvivu na anajaza nyumba. Shemeji yangu, kaka yake, anaimezea mate. Anataka kuing'oa mota ikakoroge chakula cha kuku. Bi Mkubwa! Akoroge pumba!

Tabu ni moja. Kabla hatujaondoka mke wangu alinishikisha pasi mbele ya binti yetu (ilikuwa baridi, nashukuru) nikaapa: siku saba bila kufua, bila kunyoosha, bila hata kuzungumza habari za nguo za watu. Anataka kupumzika na mume, si na dobi. Nikivunja kiapo, Bi Mkubwa anakwenda kwa shemeji. Na mwanamke huyu akisema amesema.

Kwa hiyo lazima niipate kazi bila kuonekana naitafuta. Rahisi. Ndani ya kopo la maziwa ya unga mna sabuni yangu ninayochanganya mwenyewe. Ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi mna dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mke wangu ameiona chupa, akauliza tangu lini nakohoa. Nikakohoa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza upelelezi. Mlangoni pa mabwawa anakaa mama wa taulo, mama mnene mwenye miwani, kamba ya vibati shingoni. Unampa kibati chako chenye namba ya chumba, anakupa taulo mbili nyeupe. Ukitoka unazitupa kwenye kapu, anakurudishia kibati. Hana masihara hata kidogo. Nilimtania kidogo nikamwona anahesabu vidole vyangu.

Nikajilaza kwenye kiti kirefu, nikaisoma taulo yangu pindo kwa pindo. Nilikuwa natafuta kasoro: doa, harufu, ukakasi, uzi uliokufa kwa dawa kali. Sikuona kitu. Safi! Laini! Inanukia jua! Nimeumia sana.

Lakini dobi hapimwi kwa kitambaa safi, hupimwa kwa doa. Nikamimina chai ya rangi katikati ya taulo, juu yake mafuta ya kukandia. Doa la namna hiyo humtoa dobi machozi. Kisha nikatia alama ya uzi mwekundu ndani ya pindo, kama sisi madobi tunavyofanya ili shati la huyu lisiende kwa yule. Kesho nitaitafuta nione imetoka vipi.

Katikati ya kushona mke wangu, aliyesinzia kwenye kiti cha pili, akaamka, akauliza nafanya nini na sindano. Nikamjibu nakaza kifungo cha joho langu la kuogea. Akaliangalia joho. Halina vifungo, lina mkanda. Akanitazama kitambo, akafumba macho tena. Nadhani alikuwa bado yumo usingizini.

Chakula cha jioni tele. Nimerudia mara mbili, ya tatu nikaona aibu, nikamtuma mke wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nilimwomba mama wa taulo anikunjulie taulo moja moja nichague. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nina ngozi ya wasiwasi. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Taulo ya thelathini na mbili: uzi mwekundu! Na doa je? Hakuna! Doa langu mwenyewe, la chai na mafuta, limetoka kana kwamba halikuzaliwa. Sijui dobi wa hapa ni nani, lakini mkono wake una baraka. Namchukia.

Ndipo nikamwona mgeni mmoja wa umri wangu, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Jina lake silijui. Nimempa la Kipara. Alikuwa kasimama kando akiisugua taulo yake kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha akainusa. Kisha akaliinua pindo akalitazama kwenye mwanga. Moyo wangu ukapiga pa! Mtu wa kawaida taulo hujifutia. Anayelitazama pindo ni dobi tu. Mpinzani huyu! Amekuja kuitaka kazi yangu, naye kajifanya mgeni. Watu wengine hawana haya.

Nikamfuata hadi sauna. Chumba cha mbao, ngazi tatu za kukalia, mawe ya moto pembeni, saa ya mchanga ukutani. Bango linasema dakika kumi na tano zinatosha. Kipara akapanda ngazi ya juu kabisa, kwenye joto kali. Nami nikapanda. Akanisalimu kwa upole, akaigeuza saa ya mchanga. Nikaanza kumchimba. Nikasema taulo za hapa si mbaya. Akakubali kwamba si mbaya, ila hawa wageni wanachafua nini. Laiti ningeona wanavyochafua watu wake. Watu wake! Ana wateja! Nikaapa sitoki kabla yake.

Mchanga ukaisha. Akaigeuza saa tena. Nikatabasamu, jasho likaniingia kinywani. Yeye akafumba macho, akaanza kuimba puani. Masikio yangu yakawa kama yamepitiwa na pasi. Mchanga ulipofika nusu nikamwona Bi Mkubwa amekaa ngazi ya chini ananipungia mkono. Hapo nikatoka. Sikutoka kwa miguu, nilitoka kwa magoti na viganja, mbele ya wanawake wawili waliopakwa udongo usoni. Mmoja akauliza kama na hiyo ni sehemu ya tiba.

Mhudumu akanimwagia ndoo ya maji baridi. Mke wangu akaja mbio, akanipepea kwa gazeti, akasema hata kupumzika mimi nakufanya mashindano. Lakini alikuwa anacheka, na mkono wake ulikuwa kichwani pangu. Nililala mchana kutwa. Usingizi mtamu ajabu, sijapata kuulala tangu utotoni.

Jumatano, 6 Agosti

Leo sikufanya lolote. Naandika kwa aibu.

Tulikaa bwawani tangu chai ya asubuhi. Maji yanatoka ardhini yenyewe, moto sawasawa, hakuna aliyechochea kuni. Mke wangu alielea chali, masikio majini, uso juu, mpaka nikamgusa kuhakikisha. Alipotoka alipanda ngazi saba bila kushika ukuta. Akageuka akazishuka, akazipanda tena, ananionyesha, kama msichana wa shule. Nikamkaripia aangalie asianguke.

Kisha akanipa mkono wake niunuse. Miaka ishirini na tano mkono huo umenuka sabuni. Leo unanuka mkono tu. Nilijisikia kulia. Nikapiga mbizi.

Nilipoibuka, Kipara alikuwa ukingoni anazungumza na mke wangu habari za magoti! Nikarusha maji kidogo, kwa bahati mbaya. Yakampata machoni. Akaondoka akijifuta, hata kinyongo hana. Mke wangu akaniambia yule bwana ni muungwana sana, na kazi yake, alivyomweleza, ni... Nikamkatiza papo hapo. Nikamkumbusha kwamba tuko mapumzikoni, tulikubaliana hakuna habari za kazi. Akacheka, akasema haya, yeye amenyamaza. Nimemweza!

Ila yale maji hayanitoki kichwani. Maji moto, bure, siku nzima, yanakwenda zake mferejini! Dobi akiona hivyo hapati raha. Na chumbani kwetu hodhi la kuogea lina mabomba matatu: la baridi, la moto, na la tatu, la shaba, linaloleta maji ya chemchemi yenyewe. Hapa pana neno.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango umekamilika. Nitafua taulo ishirini na nne kwa sabuni yangu na dawa yangu mpaka zimuumize mtu macho. Nitazikunja kwa mkunjo wa marehemu baba, dobi mwana wa dobi: mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana, pindo halionekani. Jumamosi asubuhi, kabla Bi Meneja hajaingia ofisini, zitakuwa mezani pake. Bila barua. Atauliza ni nani huyu fundi. Nitajitokeza polepole, kama mtu aliyekuwa anapita. Tena sitakuwa nimeomba kazi, nitakuwa nimeitwa. Kiapo hakikusema lolote juu ya kuitwa.

Kazi ilikuwa kuzipata. Mama wa taulo hatoi ya tatu hata umlilie. Lakini kapu la zilizotumika halina mlinzi. Nikazifunga kiunoni ndani ya joho, sita sita. Nilikwenda mwembamba nikarudi mja mzito. Safari ya pili nikakutana na Kipara kwenye lifti. Akalitazama tumbo langu, akasema chakula cha hapa kweli kinampenda mtu. Nikamjibu kinanipenda sana. Ananipeleleza huyu! Safari ya tatu taulo moja ikaanza kuchungulia chini ya joho. Mwanamke mmoja wa makamo akaninong'oneza kwamba kuna kitu kinaniteremka. Nikamshukuru, nikaenda kwa hatua fupi fupi. Safari ya nne magoti yalikuwa yanauma. Safari hii yangu.

Zote ishirini na nne ziko chini ya kitanda. Mke wangu amesema chumba kinanuka unyevu. Nikakohoa ili kumpoteza. Akasema basi ninywe dawa yangu ya kikohozi. Nikasema nimeshakunywa. Akasema ninywe tena, yeye anione! Mama watoto huyu! Nikajaza kijiko, nikamwonyesha ndege dirishani, kijiko kikaishia kwenye chungu cha maua. Bahati nzuri maua ni ya plastiki. Bahati mbaya yalikuwa mekundu, sasa ni meupe.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama yangu!

Mke wangu alikwenda kukandwa saa nne, kwa muda wa saa moja na nusu. Nikapiga moyo konde. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Juu ya bomba la shaba kulikuwa na bango dogo. Nikatundika taulo ya kwanza juu yake, sikulisoma. Mabango ya hoteli ni yale yale, usivute sigara, usipige kelele. Nikafungua bomba. Maji yakatoka safi kama machozi, moto wake hasa. Nikatia sabuni. Nikatia taulo ishirini na nne, na joho langu juu yake, maana lilishika jasho la sauna. Nikapanda ndani nikakanyaga, nikakanyaga, nikaimba. Raha iliyoje! Siku tano bila kufua! Sikujua kama nilikuwa na kiu kiasi hicho. Mwisho nikamwaga dawa ya kung'arisha, chupa nzima, nikashuka kutafuta kamba ya kuanikia.

Kamba ilinichukua nusu saa. Nikiwa ngazini nikasikia ukelele. Sauti ya mke wangu.

Alikuwa amerudi mapema kunionyesha jinsi bega lake linavyozunguka. Akaingia bafuni. Hodhi lote limekuwa jekundu, mvuke umetanda, na joho langu linaelea juu, mikono imenyooka. Alidhani ni mimi. Alidhani ni damu. Nilimkuta ameinama amelikumbatia joho lile linalochuruzika, analiambia mzee wangu, mzee wangu, usiniache.

Nikasema niko hapa.

Akageuka. Akanishika shingo akalia, nami nikalia kwa sababu yeye analia. Kisha akanipiga kwa kandambili, mara nne nadhani. Kisha akatulia. Pua yake ikacheza. Sabuni yangu hawezi kuikosa, hata akiwa ndotoni. Akainua taulo moja kwa vidole viwili. Ilikuwa na rangi ya bati la zamani.

Hapo ndipo nilipolisoma bango. Maji haya yana chuma. Usifulie nguo nyeupe. Usitie dawa ya kung'arisha. Na mimi nalijua jambo hilo! Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma: maji ya chuma na dawa ya kung'arisha haviingii karai moja, vikikutana vinazaa kutu. Miaka thelathini nimewaonya watu wenye visima. Mimi mwenyewe nilipoona maji moto ya bure, akili ikaenda mapumzikoni.

Nikamweleza mke wangu yote, tangu dereva wa lori la mboga mpaka kamba. Alikaa kitandani amezishika kandambili zake mapajani. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alitaka siku saba tu. Na kwamba kesho atampigia kaka yake simu aje na lori amchukue Bi Mkubwa. Kisha akaenda bwawani peke yake. Afadhali angenipiga tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliamka kabla ya jua, nikaenda jikoni kuomba limau. Limau, chumvi na jua: hakuna kingine kinachotoa kutu bila kula uzi. Mpishi akauliza nataka ngapi. Nikamwambia zote. Akamwita Bi Meneja.

Basi, yakamwagika. Bi Meneja ni mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi. Nikamkiria kila kitu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika hapo, nikamalizia kwa kuomba kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishusha ngazi za chini ya jengo, akafungua mlango. Mashine nane! Watu kumi na wawili! Pasi za mvuke ndefu kama vitanda! Hoteli hii inajifulia yenyewe tangu ijengwe. Aliyekuwa anatafutwa ni mtu mmoja wa kukunja mashuka, naye alipatikana miezi miwili iliyopita. Akaniuliza kwa nini sikuuliza mapokezi siku ile ile ya kwanza. Nikamwambia nilikuwa napeleleza.

Akanipa ua wa nyuma ya jiko, makarai manne, limau zangu, na mpaka saa kumi jioni.

Mke wangu akashuka. Nilidhani anakuja na simu. Kumbe amekuja na kiti kirefu. Akakivuta mpaka kivulini, akatia miguu yake kwenye beseni la maji moto, akavaa kofia pana. Nikamwomba anisaidie angalau kukamua. Akasema yeye yuko mapumzikoni, tena kuna mtu aliapa akiwa ameshika pasi, nimuulize huyo. Ikawa kazi yake kuamrisha tu. Chumvi zaidi. Ile ya kushoto bado. Geuza, jua linahama. Kila niliponyoosha mgongo anamwita mhudumu amletee maji ya matunda, glasi moja. Ilipofika adhuhuri alikuwa anacheka mpaka kofia inaanguka. Alisema tangu tufike hajastarehe namna hii. Na mimi, nimeinama juani, vidole vinaniwasha kwa limau, nilikuwa na furaha. Niseme ukweli. Nilikuwa na furaha kwa sababu anacheka.

Watu wakaja kutazama. Mama wa taulo akaja, akahesabu, akaondoka bila kunisalimu. Kipara naye akaja. Akaokota taulo iliyokwisha kukauka, akaisugua kwa gumba na shahada, akalitazama pindo. Nyeupe! Akamuuliza mke wangu huyu bwana ni nani. Mke wangu akasema ni dobi wake. Wakazungumza muda mrefu, mimi sisikii, maji yananipigia kelele. Alipoondoka, mke wangu akaniuliza kama sasa ana ruhusa ya kuitaja kazi ya yule bwana, ile aliyotaka kuniambia Jumatano. Nikampa ruhusa.

Bwana stoo! Bwana stoo wa hospitali kuu, hapo hapo mjini kwetu! Vitanda mia tatu! Watu wake wanaochafua ni wagonjwa! Miezi minne anatafuta dobi anayejua madoa, ndiyo maana hata mapumzikoni anasugua mapindo. Na wiki nzima niko naye sauna, kwenye lifti, bwawani, namrushia maji machoni!

Amempa mke wangu kadi yake. Mke wangu akanitilia mkononi kwa vidole viwili, kama alivyoinua taulo jana. Akasema mficha uchi hazai. Akasema kaka yake hajapigiwa simu bado. Bi Mkubwa atangoja mpaka Jumatatu.

Taulo ishirini na moja zimekuwa nyeupe. Tatu zimekataa katakata. Bi Meneja amesema hizo niende nazo nyumbani, na akanitakia safari njema mara mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Niko nyumbani, peke yangu. Mke wangu amebaki siku nne zaidi. Binti alipopigiwa simu akasema mama apumzike, baba arudi akafungue duka letu la kufulia. Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye basi, mwendo mzima bila kuchechemea, akaninyoosha kola, akasema mapumziko yake ndiyo yanaanza. Basi lilipoondoka alipunga mkono huku tayari amegeukia bwawa. Sikununa. Nilimwangalia anavyotembea mpaka kona ikamficha.

Nimempangusa Bi Mkubwa vumbi. Nimemtandikia mgongoni taulo moja ya kutu. Imempendeza.

Jioni simu ikalia. Mke wangu, na maagizo. Kesho saa tatu asubuhi niende hospitali na kadi. Niingie kwa mlango wa mbele. Nimuulize bwana stoo. Nimwambie mimi ndiye yule dobi, naomba kazi. Nisiongeze neno. Akanifanya niyarudie hayo mara tatu, nikayarudia. Akasema kuuliza si ujinga. Akasema na Bi Mkubwa sasa yuko mikononi mwangu: asubuhi ikipita bure, mchana lori la kaka yake liko mlangoni. Nikamwambia asihangaike, alale, mume wake amejifunza. Akasema ananiamini. Sauti yake ilikuwa laini, imelowa maji moto.

Mke mwema, sina wa kumlinganisha naye. Ila biashara haijui. Mtu huombaje kazi mahali ambapo hajalalia hata shuka moja? Nitajuaje wana madoa gani? Nitajuaje mpinzani ni nani? Na mtu akiingia kwa mlango wa mbele na kadi mkononi, si wataona ana shida?

Nimepanga hivi. Nitaingia kwa mlango wa wagonjwa, nilazwe siku moja, zikizidi sana mbili. Nitakagua shuka kwa shuka nikiwa nimelala, hakuna atakayenishuku. Bwana stoo akipita atakuta wodi nzima imekunjwa kwa mkunjo wa marehemu baba. Atauliza ni nani huyu fundi. Nitajiinua polepole kwenye mto.

Kopo la maziwa ya unga limejaa. Chupa ya kikohozi nimeijaza upya. Nimejipima mbele ya kioo, nikaona tumbo linanifaa kuliko kifua. Kesho saa mbili kamili naanza kuumwa.